Hazikuchakaa: Wasifu wa Marehemu Mama Rangi

1950–2023

Umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Karani

Ndugu, majirani na marafiki, kabla ya lolote tazameni jalada la kijitabu mlichoshika. Pale penye fremu tupu palitakiwa pawe na uso wa marehemu. Msiende kugombana na duka la uchapaji, fremu imeachwa tupu kwa amri ya familia. Mara mbili walileta sampuli, na mara mbili walikuwa wameichukua picha yake ya rangi ya kahawia wakaigeuza ya kijivu, kwa maelezo kwamba mashine yao huirekebisha picha yenyewe ikiona imechakaa. Mara ya tatu Karani aliwaambia waache pawe peupe. Picha halisi imewekwa kichwani pa jeneza, na wasifu huu ukiisha mtajua kwa nini familia inawaomba muinuke mkaitazame kwa macho yenu.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa na mkewe mshonaji. Karani alimfuata miaka miwili baadaye. Mama yao aliweka cherehani mlangoni, mahali penye mwanga, na uzi ukimwishia alimtuma binti yake dukani na kipande cha kitambaa ili apate rangi inayolingana. Siku moja, binti akiwa na miaka saba, mama alikuwa na haraka akasahau kumpa kipande. Mwenye duka akamwuliza anataka rangi gani. Mtoto akajibu, "Zambarau iliyochoka." Watu dukani wakacheka. Yeye akazipitia rili zote za uzi, akachukua moja, akaenda nayo nyumbani. Mama alipoulaza ule uzi juu ya kitambaa, hakuona tena uzi ulipo.

Toka siku hiyo hakupewa kipande tena. Mwenye duka hakuamini. Alidhani mtoto anaficha vipande vya vitambaa kwenye mikono ya gauni, na siku moja akampekua mbele ya wateja. Mtoto wa miaka saba! Karani ana miaka sabini na moja sasa, na mwenye duka alikwisha kufa zamani, lakini jambo hilo halijamtoka moyoni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akamaliza akiwa wa pili kati ya wanafunzi arobaini na mmoja. Alifaulu kwenda sekondari. Hakwenda. Baba yao alisema nyumba ile ingeweza kusomesha mtoto mmoja tu, na huyo atakuwa wa kiume, kwa hiyo wa kiume asubiriwe. Baba alikuwa mtu mwema, na siku hiyo alifanya jambo baya. Karani anasema hivi mbele ya kaburi lake, maana liko hatua kumi tu nje ya ukuta huu, asikie. Zamu ya Karani ilipofika, dada yake ndiye aliyembebea sanduku la bati hadi stendi. Hakununa wala hakulia. Alimpangia sanduku vizuri chini ya kiti, akamshika sikio kama alivyozoea kumshika akifanya utundu, akamwambia, "Karani, soma na sehemu yangu." Jina hilo lilianzia pale stendi, na baadaye likawa kazi kweli, kwani mdogo wake alifanya ukarani wa masijala kwa miaka thelathini na minne.

Tarehe 2 Oktoba 1967 marehemu aliajiriwa katika studio ya picha jirani na posta. Aliajiriwa kufagia na kuandika tikiti za wateja. Mwenye studio, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Studio, alikuwa hodari wa kamera na mvivu wa kila kitu kilichofuata baada ya kamera. Haikupita miaka miwili binti wa kufagia akawa ndiye anayesafisha picha zote kwenye chumba cha giza, na ufagio ukabaki wake vilevile.

Mwaka 1971, wakati wa likizo ya Karani, dada yake alimkabidhi karatasi iliyokunjwa iliyokuwa ndani ya boksi la chupa mbili za dawa. Chupa zilikuwa zimekaa kwenye rafu miaka mingi bila mtu kuzigusa, na maelezo yalikuwa kwa lugha ya kigeni. Walikaa uani nyuma ya studio, Karani juu ya kreti, dada yake akiwa amesimama na glavu mkononi.

"Inasema uitumbukize picha kwenye dawa ya kwanza mpaka ipotee."

"Ipotee?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Soma tena, Karani. Usinisomee ya kwako."

Alisoma tena. Picha ipotee, ioshwe, kisha iende kwenye dawa ya pili.

"Na isiporudi?"

"Hawajasema."

Picha aliyokuwa nayo ilikuwa ya bibi harusi, na bibi harusi huyo alikuwa ameirudisha akilalamika kwamba anaonekana ana baridi. Marehemu aliitia kwenye beseni la kwanza. Ikaanza kupauka. Shela likaenda, shavu likaenda, mwishowe ikabaki karatasi yenye kivuli hafifu cha manjano. Wakati huohuo Bwana Studio akatokea mlangoni, akatoa macho. "Umeiua harusi ya watu!" Alimjibu bila kugeuka, "Subiri kidogo, Bwana." Akaiosha, akaitia kwenye beseni la pili. Ua mzima ukanuka mayai viza. Na bibi harusi akarudi, kwanza nywele, kisha ukingo wa shela, kisha uso wote, safari hii akiwa na rangi ya kahawia yenye joto, kama mtu aliyesimama kwenye jua la saa kumi. Karani aliyaona hayo yote kwa macho yake, akiwa ameziba pua.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na saba iliyofuata, na mnaombwa muielewe vizuri leo, kwa sababu alipokuwa hai wengi hawakujishughulisha kuielewa. Watu walidhani alikuwa mtu wa gizani. Gizani alisafisha picha tu. Rangi aliitia nje, uani, mchana kweupe, kwanza kwa kuwa mvuke wa ile dawa ya pili, ya salfa, huharibu karatasi mpya zikiwa chumba kimoja, na pili kwa kuwa rangi haihukumiwi kwa taa. Baada ya muda hakuwa tena akiisubiri picha ipotee yote. Alihesabu kwa mdomo, akainyanyua kabla dawa haijafika kwenye weusi, ili mwanga wa picha upate joto na weusi ubaki weusi. "Macho usiyaguse," alisema. "Shavu lipe jua, macho yaachie usiku wake." Bibi vizee aliwapa kahawia nzito. Watoto wachanga aliwapa kahawia nyepesi, rangi ya biskuti. Kuna askari mmoja aliyejiona sana ambaye alimpitisha kwenye dawa ya dhahabu, akatoka na ubuluu baridi. Askari aliipenda mno picha ile, akaagiza nakala sita. Marehemu alicheka wiki nzima.

Wateja walipomwuliza Bwana Studio siri ya rangi ile, mnajua alijibu nini? Alijibu, "Chai tu. Tunaziloweka kwenye chai." Mungu amrehemu, lakini alisema uongo, na aliusema kwa miaka mingi akijua ni uongo. Chai hupaka karatasi yote, nyeupe na nyeusi, kama uji uliomwagikia kitabu. Dawa ile haipaki karatasi, inaibadilisha picha yenyewe. Kuhesabu, kuosha, kujua karatasi ipi inakubali na ipi inagoma, mikono kupasuka kwa maji kila siku, yote hayo akayaita chai. Mwaka 1978 studio ilipata cheti katika maonyesho ya biashara kwa ajili ya "rangi ya pekee". Bwana Studio akapigwa picha akiwa ameshika cheti. Picha hiyo ilitiwa rangi na marehemu.

Ndoa yake nayo ilianzia kwenye maji. Picha iliyotiwa rangi lazima ioshwe saa nzima kwenye maji yanayokwenda, na bomba la uani lilikuwa linatoa maji kwa huruma. Akaitwa fundi bomba. Fundi alisimama akiziangalia picha zinavyozunguka kwenye beseni, akauliza, "Dada, hawa wamefanya dhambi gani mpaka waoshwe saa nzima?" Akamjibu, "Shika spana yako." Fundi alirudi kesho yake kukagua kazi, akarudi na keshokutwa. Wiki ya tatu alimletea tangi alilolitengeneza mwenyewe, lenye mrija unaoingiza maji juu na kutoa machafu chini, ili dada apumzishe mikono. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Julai 1974, wakajaliwa watoto watatu. Fundi alitangulia mwaka 2009. Kwa miaka thelathini na mitano hakuwahi kusema kwamba mkewe ananuka mayai, na alinuka.

Bwana Studio alipofariki mwaka 1998, warithi wake waliuza kamera na kuzitupa uani picha zote zilizobaki. Mvua ilikuwa inakaribia. Marehemu, aliyekuwa amefanya kazi pale miaka thelathini na mmoja, aliokota alizoweza, akazitia kwenye sanduku la bati, lilelile lililompeleka Karani shuleni. Zilikuwa picha mia moja na kumi na mbili. Ya juu kabisa ilikuwa ya mama yao akiwa kwenye cherehani mlangoni, iliyopigwa mwaka 1979, miaka miwili kabla hajafa. Hakuna picha nyingine ya mama yao.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Februari mwaka huu makumbusho ya mji wetu yaliomba sanduku lile kwa ajili ya maonyesho. Marehemu alifurahi kama mtoto. Kwa kuwa hakupenda makaratasi, alimtuma Karani akashughulike. Maonyesho yalifunguliwa Jumamosi, tarehe 3 Juni. Alivaa gauni lake la kijani, akatembea kwa mkongojo hadi mlangoni, akakataa kushikwa mkono. Ndani alikuta picha zake zimekuzwa, kubwa kama milango, zote za kijivu. Zote mia moja na kumi na mbili. Askari wa ubuluu, kijivu. Watoto wa biskuti, kijivu. Chini ya kila moja paliandikwa kwamba picha "imerejeshwa katika hali yake ya asili", kisha jina la studio. Jina lake halikuwepo hata mahali pamoja.

Kijana wa kuongoza wageni alimfuata kwa adabu. Marehemu alimwonyesha picha kwa mkongojo.

"Mwanangu, hii imefanywa nini?"

"Bibi, hizi zilikuwa zimechakaa, zimepiga manjano kwa uzee. Wataalamu wamezisafisha kwa kompyuta."

"Uzee huo niliutia mimi kwa mikono yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa."

Kijana alitabasamu, akidhani anataniwa. Picha waliyosimama mbele yake ilikuwa ya mama yao. Jua la mlangoni, ambalo marehemu alilihesabia kwa mdomo siku nzima mpaka akalipata, lilikuwa limefutwa. Na kibandiko kilisema: *Mshonaji asiyejulikana.*

Watu wengi hapa mnajua kwamba alirudi nyumbani akavua viatu, akakaa. Hakutukana. Afadhali angetukana. Alisema tu, "Wametundika vivuli. Waambie watundike zangu." Wataalamu! Mtaalamu gani huyo anayeona kahawia kwenye shavu na weusi mtupu kwenye jicho la mtu huyohuyo, halafu asijiulize huu uchakavu umejuaje kuchagua? Na picha iliyotiwa dawa ile na kuoshwa barabara hukaa kuliko picha isiyotiwa. Picha za studio nyingine za miaka ile zimekwisha kufifia majumbani mwenu. Zake hazikuchakaa. Walichokiita uzee ndicho kilichokuwa kikizilinda.

Karani aliandika barua nne kwa makumbusho, tarehe 9 Juni, 3 Julai, 21 Agosti na 11 Septemba. Wakati huo marehemu alikuwa ameanza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Daktari alisema ni moyo. Alilazwa mara ya kwanza Agosti, na mara ya pili tarehe 15 Oktoba, akapewa kitanda cha dirishani. Wauguzi walimtunza vizuri na familia inawashukuru kwa dhati. Wao angalau walimwuliza kazi yake ilikuwa nini, wakakaa kumsikiliza.

Jibu la makumbusho lilifika Jumatatu, tarehe 23 Oktoba. Karani alilisoma akiwa amesimama kwenye korido ya wodi. Lilikuwa fupi. Lilisema picha zilirekebishwa kwa idhini ya mwakilishi wa familia, na nakala ya idhini imeambatanishwa. Ukurasa wa nne, palipoandikwa *kuondoa mabadiliko yote ya rangi*, palikuwa na alama ya ndiyo na saini. Saini ilikuwa ya Karani.

Siku ile ya Februari walimkaribisha kwenye kiti cha kuzunguka, wakamwita mzee msomi, wakasema fomu ni utaratibu tu. Karani, aliyekaa masijala miaka thelathini na minne akiwakemea watu wasome kabla ya kutia saini, alifunua kurasa tano kwa dole gumba, akatia alama na saini walipomwonyesha kwa kidole. Hakusoma.

Alipoingia wodini, dada yake alimwuliza, "Wamesema nini?"

"Bado hawajajibu, dada."

"Watajibu," alisema. "Wewe una mwandiko mzuri."

Alimwuliza tena mara tatu katika siku zilizofuata, na mara zote tatu alijibiwa hivyohivyo. Marehemu alifariki dunia Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, saa tatu asubuhi, jua likiwa limefika kwenye shuka lake. Alikufa akiyaghadhibikia makumbusho, na mtu aliyestahili nusu ya ghadhabu hiyo alikuwa ameketi pembeni ya kitanda akimmenyea chungwa.

Basi hasira yote iliyosomwa hapa tangu mwanzo, ya mwenye duka, ya baba, ya Bwana Studio na chai yake, ya wataalamu, Karani hairudishi nyuma hata neno moja. Anaongeza jina lake kwenye orodha. Dada, ulimwambia asome na sehemu yako. Aliisoma miaka yote, na ukurasa uliokuhusu akauruka. Hakukuambia ulipouliza. Anakuambia sasa, mbele ya wanao na majirani zako, na hana cha kujitetea.

Ijumaa asubuhi, siku moja baada ya kifo, Karani alikwenda makumbusho na karatasi ya kufuta saini yake. Safari hii aliisoma mara mbili kabla ya kuitoa. Ofisa alimwambia, "Mzee, maonyesho yanaendelea hadi Desemba." Akamjibu, "Vivuli vyenu viendelee. Mimi nipe sanduku." Hakuketi kwenye kile kiti. Saa nne alitoka na sanduku la bati kichwani, na kijana wa kuongoza wageni akamshikia mlango.

Ndugu, geuzeni macho. Kwenye ukuta ule wa madirisha wajukuu wamefunga kamba, na picha zote mia moja na kumi na mbili zinaning'inia kwa vibanio, kama alivyokuwa akizianika. Hazikuguswa na kompyuta wala mtaalamu. Tumechagua saa hii ya mazishi kwa sababu ndiyo saa jua linapoingia upande huo. Kila mtu apite polepole kabla hatujaenda kaburini. Mtakaomwona mzazi wenu pale, mchukueni, ni wenu. Mwishoni mwa kamba yuko mama anayeshona mlangoni. Ni mama yetu, anajulikana, na jua lake liko palepale lilipotiwa. Baada yake iko ile iliyo kichwani pa jeneza, ya marehemu mwenyewe, aliyoitia rangi mwaka 1986. Ndiyo picha pekee aliyojichagulia rangi. Shavu amelipa jua. Macho ameyaachia usiku wake.

Marehemu ameacha watoto watatu, muuguzi, fundi umeme na mwalimu, wajukuu saba, tangi la fundi bomba ambalo bado halivuji, na mdogo mmoja, Karani.

Pumzika kwa amani, dada, katika rangi uliyoichagua mwenyewe.